Bembea ya Malkia

Wilaya yetu ilipotimiza miaka mitatu, wakubwa wa mjini Velankurichi wakagundua kwamba haina kitabu. Ofisi ilikuwa nayo, yenye vigae vinavyong'aa na choo kisichotoa maji. Bendera ilikuwa nayo. Hata wimbo ilikuwa nao, umetungwa na karani wa hazina ambaye muda alikuwa nao tele, kipaji hana. Lakini kitabu cha historia na jiografia, kama kile cha wilaya mama tuliyomegwa kutoka kwayo, hakikuwapo, na wakubwa waliona haya mbele ya wageni. Ikaundwa kamati. Kamati ikanywa chai mara saba, kisha ikamtafuta Profesa Sivagurunathan, mstaafu wa chuo kimoja cha Madurai, ikampa gari la serikali na miezi minne.

Miezi minne kuiandika nchi ambayo watu wake wamechimba mabwawa kwa miaka elfu moja. Irulayi alipoambiwa habari hiyo aliuliza swali moja tu, kama huyo mtu amewahi kulima hata tuta la mchicha.

Irulayi alikuwa mtu wa maji wa kijiji cha Maruthanendal. Kazi hiyo huku kwetu hurithiwa, tena hurithiwa na watu wa tabaka la chini peke yao. Mtu wa maji ndiye anayelitazama bwawa akajua litafika mavuno au halifiki. Ndiye anayejua shamba lipi lina kiu na mwenye shamba yupi ni mwongo, na ndiye anayepiga mbizi kufungua tundu. Wenye mashamba walimtegemea kwa kila punje ya wali iliyoingia vinywani mwao, na hawakuwahi kumkaribisha barazani. Kazi ilikuwa ya mumewe, Kathan. Kathan alipokufa, wanawe wawili walikuwa wamekwisha kwenda Tiruppur kushona fulana viwandani, na mwanamume wa kuishika hakupatikana, basi akaishika mwenyewe. Sasa alikuwa na miaka hamsini na minane, mwembamba, midomo imekolea wekundu wa tambuu, na dharau yake kwa watu wa kalamu ilikuwa imekomaa barabara.

Profesa alifika mwezi wa tano. Hapo tu angejulikana ni mtu wa aina gani, maana anayetaka kuijua nchi yetu haji mwezi wa tano. Mwezi wa tano mabwawa yote yamekauka, ardhi imepasuka, mbuzi wanazurura ndani yake na vijana wanacheza kriketi. Bwawa la Maruthanendal halina ukuta wa saruji. Ni tuta la udongo lililopinda kama mwezi mchanga, refu la kumchosha mtembezi, na mbele ya tuta ni ekari tisini za bonde la kina kifupi linalongoja mvua. Karibu na tuta, ndani ya bonde, zimesimama nguzo mbili za mawe, ndefu kushinda watu wawili waliobebana, zimeunganishwa juu kwa mihimili ya mawe. Chini yake, sakafuni, pana tundu lenye kizibo cha mti mgumu, kinene kama mchi wa kutwangia. Bwawa likijaa, mtu wa maji huogelea hadi kwenye nguzo, hushuka akizishikilia, hung'oa kizibo, na maji hupita chini ya tuta yakatokea mfereji wa mashamba. Mtoto wa miaka mitano wa kijiji chochote wilayani angekueleza hayo.

Profesa hakumuuliza mtoto. Dereva wake alikatiza katikati ya bwawa kana kwamba ni uwanja wa mpira, akasimamisha gari mbele ya nyumba ya Solaimalai, mkuu wa kijiji, aliyependa aitwe kwa cheo, Ambalam, hata na watoto wake wa kuzaa. Solaimalai alikuwa na ekari kumi na tisa za mpunga chini kabisa ya tuta, sehemu nono kuliko zote, na kifua cha kutosha ekari mia.

Irulayi alikuwapo uani. Alikuja kusema kwamba panya-buku wametoboa tuta na kwamba lizibwe kabla ya mvua. Aliachwa kasimama kando ya hori la ng'ombe, na huko barazani mtindi ulikuwa ukimiminwa.

"Na zile nguzo mbili kule uwandani, Ambalam," alisema Profesa, miguu kaikunja kwenye kiti cha uvivu. "Nimeziona nikiwa garini. Zina sura ya kifalme."

Irulayi alimwona Solaimalai akilionja lile neno kifalme mdomoni kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi.

"Una jicho, Profesa," akasema. "Wengi hupita hawaoni. Ile ni bembea."

"Bembea?"

"Bembea ya malkia. Alikuwa akija huku kila mwaka kupunga upepo. Babu yangu wa saba alikuwa jemadari wake, na ndiye pekee aliyeruhusiwa kumsukuma."

"Kwa mkono wake?"

"Kwa mkono wake huu," alijibu Solaimalai, akainua wa kwake.

Profesa akachomoa kalamu. Irulayi hakuweza kujizuia, akacheka kwa sauti, na wote wawili wakageuka.

"Profesa, lile ni tundu la maji," akasema. "Na gari lako limepita ndani ya bwawa."

"Huyu ni nani?"

"Mtu wa maji wetu. Mjane. Jua limemchoma kichwa, usimtilie maanani."

Profesa alitabasamu, tabasamu lile la watu wanaolipwa kujua. "Mama, mimi nimesoma maandishi ya mawe miaka thelathini. Tundu la maji lina mlango wa chuma na gurudumu la kuzungusha. Nimeyaona mengi."

"Na huyo malkia alipobembea miguu yake ilipita wapi? Kati ya zile nguzo hata ndama hapiti."

"Malkia wa zamani walikuwa wembamba," alisema Profesa, na hilo nalo akaliandika.

Irulayi aliondoka na habari zake za panya-buku bila mtu kumuuliza. Kama ungekuwa uongo wa mjinga angeuacha upite, maana kijiji kimejaa watu wanaopiga chuku kuhusu babu zao. Lakini Solaimalai hakuwa mjinga wa nguzo zile. Miaka kumi na mmoja nyuma, mwezi wa kumi na mbili, bwawa lilifurika na tuta likaanza kulia likitaka kupasuka. Solaimalai alisimama juu ya tuta akiwa na mwavuli, akamwamuru Kathan ashuke kufungua. Kathan alimwambia maji ni mengi mno, mvuto wa tundu utamkamata mkono, afadhali wakate tuta upande wa mashariki maji yapungue kwanza. Upande wa mashariki kulikuwa na migomba ya Solaimalai. Basi Kathan akashuka. Alifungua, mashamba ya watu yakapona na migomba ikapona, na yeye walimkuta kesho yake, mkono bado umo tunduni. Sasa mtu yule yule mwenye mwavuli alikuwa anawaambia wageni kwamba pale malkia alibembea. Irulayi alitema tambuu njia nzima mpaka kwake, na alichokuwa anakitema hakikuwa tambuu peke yake.

Kitabu kilitoka mwezi wa nane, kizito, chenye jalada la kumetameta na picha za mawaziri sita. Solaimalai alinunua nakala nne, moja akaiacha kwenye kibanda cha chai ili watu waione kwa bahati mbaya. Irulayi alikuwa amesoma mpaka darasa la tano, na alichosoma hakikumtoka. Alikaa kwenye ukingo wa mfereji akakipitia kitabu kile kama mtu anayechambua choroko zilizojaa mawe. Kurasa mia moja zilikuwa za wafalme wakichinjana. Sura ya hali ya hewa Profesa alikuwa ameinyofoa kutoka kitabu cha wilaya nyingine, ya milimani, akasahau kuibadili, hivyo ilidaiwa kwamba huku kwetu mwezi wa kwanza umande huganda na wakazi huvaa sufu. Huku, ambako watu hulala nje ya nyumba miezi minane. Kuhusu mabwawa, yaani kuhusu kitu pekee kinachofanya nchi hii iishi watu badala ya nyoka, paliandikwa ukurasa mmoja na nusu. Kwamba yamepangwa kama ngazi kutoka magharibi kwenda baharini, kila moja likijaa humwagia la chini yake, na kila kijiji kina jina la bwawa lake, hayo hayakuandikwa.

Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili ulisema: "Maruthanendal. Uwanda mpana wa nyasi usio na chanzo chochote cha maji, ambamo malkia wa kale walikuja kubembea. Bembea ingalipo. Wenyeji ni wakarimu."

"Kwa hiyo dada Irulayi," alisema mwuza chai, "miaka yote hii ulikuwa unapiga mbizi kwenye nyasi?"

"Na wewe maji ya chai yako unayachota wapi, kwenye ukurasa gani?"

Watu walicheka, na ingeishia hapo. Kitabu cha kipumbavu hakimuui mtu kikikaa kabatini. Hiki hakikukaa kabatini. Mji wa Velankurichi ulihitaji stendi mpya ya mabasi na ardhi ya kuiweka. Sheria inakataza kabisa kufukia bwawa, na katika wilaya yetu ukikwepa bwawa unaangukia bwawa. Karani wa ardhi akaambiwa aorodheshe mabwawa yote ili yaepukwe. Madaftari ya zamani ya ardhi yalikuwa bado wilaya mama, ambayo ilikuwa imenuna tangu tumegwe na haikuwa na haraka ya kuyatoa. Karani angeweza kupanda baiskeli akaenda kutazama. Badala yake alifungua kitabu cha Profesa, chenye muhuri wa wilaya, akanakili. Na kitabu kilisema Maruthanendal hakuna bwawa, kuna uwanda.

Mwezi wa tisa vigingi vyekundu vikapigwa katika ekari zote tisini. Pangefukiwa kifusi kimo cha mtu. Stendi ingeitwa Bembea ya Malkia, na zile nguzo zingepakwa rangi ya dhahabu na kuwekewa uzio katikati ya vibanda vya soda.

Mwanzoni Solaimalai aliramba midomo. Alidhani watachukua kipembe tu cha kando ya nguzo, na tayari alishamwahidi mpwa wake kibanda. Walipomwonyesha ramani nzima, rangi ilimtoka usoni. Bila bwawa, ekari zake kumi na tisa zingekuwa za kuanikia kinyesi cha ng'ombe. Alikwenda ofisini mara tatu, na mara zote tatu karani alimsomea kwa adabu ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, akamwonyesha jina lake chini yake, mahali Profesa alipomshukuru kwa taarifa.

Mvua zilianza mwezi wa kumi, na kijiji kikapanda mpunga hivyo hivyo kwa mazoea na kwa hofu, vigingi vikichungulia majini. Katikati ya mwezi wa kumi na moja Solaimalai alikuja hadi ukingo wa mfereji unaotenga mtaa wa kina Irulayi na kijiji. Hakuvuka, kwa kuwa watu wake hawavuki. Alisimama ng'ambo akapaza sauti.

"We Irulayi. Mkuu wa Wilaya anakuja Alhamisi kukagua. Uwepo."

Irulayi alikuwa anakoroga uji wa uwele. Hakuinuka.

"Nije nifanye nini, Bwana Mkubwa? Nimsukume kwenye bembea?"

"Huu si wakati wa mzaha. Malori ya kifusi yanaanza Jumatatu. Bwawa likifukiwa sote tutakula vumbi."

"Wewe una cha kula. Una maneno yako, tena yamepigwa chapa."

"Utakuja au huji?"

"Nitakuja," alisema Irulayi. "Bwawa halina kosa."

Alhamisi asubuhi kijiji kizima kilikuwa juu ya tuta. Bwawa lilikuwa limejaa theluthi, maji ya rangi ya chai ya maziwa, na nguzo zilionekana kuanzia kiunoni. Mkuu wa Wilaya alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mtu wa kaskazini, aliyekisema Kitamil chetu taratibu kama anasoma tangazo. Alikuja na mpiga picha wa ofisi, mwavuli, faili, na Profesa. Profesa alikuwa amevaa viatu vyeupe. Viatu vyeupe, kwenye tuta la udongo, msimu wa mvua.

"Hiki ninachokiona ni nini?" aliuliza Mkuu wa Wilaya akiyatazama maji.

"Mvua, Mheshimiwa," alisema Profesa bila kupepesa. "Uwanda hauna mitaro, basi maji yametuama. Hata barabara za Madurai hutuama maji, na hakuna anayeziita mabwawa."

Minong'ono ilipita katika tuta zima. Mkuu wa Wilaya alinyoosha mkono watu wanyamaze.

"Nionyesheni kitu kimoja," akasema. "Bwawa huingia maji na hutoka maji. Haya hutolewa wapi?"

Solaimalai alimtafuta Irulayi kwa jicho la pembe, akaona amesimama nyuma kabisa ya watu. Akaashiria kwa kidevu tu.

Irulayi alikaza sari kiunoni, akashuka majini bila kumtazama mtu. Aliogelea mpaka kwenye nguzo, akavuta pumzi mbili fupi na moja ndefu, akazama. Siku za kawaida hulegeza kizibo upana wa kiganja, maana mashamba hunyweshwa, hayazamishwi. Siku hiyo alikizungusha kizibo chote, akaking'oa, akakilaza sakafuni kando ya nguzo. Alipoibuka, upande wa pili wa tuta ulisikika mkoromo, kisha maji yakaruka kutoka mdomo wa jiwe na kuingia mfereji kwa fujo.

Watu walishangilia. Mkuu wa Wilaya alivuka tuta akaenda kuyatazama mwenyewe, mpiga picha akapiga picha.

"Yawezekana ni mtaro uliobomoka," alisema Profesa, ingawa sasa sauti ilikuwa ndogo.

"Profesa, mimi nina macho," alisema Mkuu wa Wilaya. "Lakini nina pia kitabu chenye muhuri wa wilaya, na kibali kilichotolewa kwa kitabu hicho. Nikisimamisha malori kwa macho yangu tu, mkandarasi atakuwa mahakamani kesho. Nipe karatasi. Andika kwamba ulikosea, nami nisimamishe leo hii."

"Mheshimiwa, masahihisho yana utaratibu wake. Kamati itakaa mwezi wa kwanza."

"Malori yanaanza Jumatatu."

"Najua. Ni bahati mbaya sana," alisema Profesa, na akaangalia viatu vyake.

Irulayi alikuwa amepanda tuta, maji yakimchuruzika. Alikaa chini juu ya nyasi, akafungua kifuko chake, akaanza kupaka chokaa kwenye jani la tambuu kwa utulivu wa mtu aliyemaliza kazi ya siku.

"Vizuri," alisema Solaimalai. "Shuka ukafunge sasa."

"Nimechoka."

"Shuka, mwanamke. Maji yanapotea."

"Hayapotei. Yanakwenda kwako."

Solaimalai aligeuka kutazama. Ilikuwa kweli. Mfereji ule una vinywa thelathini na vitatu, kila kinywa cha shamba lake, na cha Solaimalai ndicho cha kwanza. Miaka ilivyopita alikuwa anakichonga usiku usiku, kidole leo na kidole kesho, ili kinywe zaidi ya zamu yake, mpaka kikawa kipana kuliko mfereji wenyewe. Kijiji kizima kilijua na Irulayi alikuwa amelalamika kila mwaka. Sasa maji yote ya tundu lililo wazi yalikuwa yanageuka hapo kwa utiifu na kumwagika katika ekari zake kumi na tisa, ambamo miche ya mpunga ilikuwa na siku tano tangu kupandikizwa, mifupi, mizizi haijashika. Saa moja ingeilaza. Saa mbili ingeing'oa na kuielekeza baharini.

"Wapwa zako wale pale wanaogelea vizuri," alisema Irulayi, akitafuna. "Watume. Kizibo kiko kando ya nguzo ya kushoto."

Wapwa wanne wa Solaimalai, vifua mbele, masharubu yamesokotwa, wakayatazama maji, kisha wakatazamana, kisha wakatazama ardhi. Kuogelea waliweza. Kukishika kizibo kile hawakuweza, kwa sababu anayekishika mara moja mbele za watu ameifanya kazi ya watu wa chini, na ataitwa mtu wa maji mpaka vitukuu vyake. Walikuwa tayari kuona mchele wa mwaka mzima unaondoka kuliko kulowesha heshima yao. Hao ndio jamii ya majemadari.

"Unataka nini?" aliuliza Solaimalai.

"Mimi? Mheshimiwa ndiye anayetaka karatasi. Nikiiona, miguu yangu itapona."

Mkuu wa Wilaya alikaa juu ya jiwe, akakunja mikono. Kama alitabasamu, alifanya hivyo akiwa ameinamisha kichwa. "Nina subira," akasema.

Solaimalai alimgeukia Profesa, na wale waliovishana vilemba vya ukoka mwezi wa tano wakaanza kuvuana hadharani.

"Andika, Profesa."

"Ambalam, wewe ndiye uliyeniambia ni bembea."

"Na wewe ndiye uliyeamini. Miaka thelathini ya kusoma mawe. Andika."

Profesa aliandika nyuma ya nakala yake mwenyewe, kwa kuwa karatasi nyingine haikuwapo. Mkuu wa Wilaya akasoma kwa sauti: "Inasemekana na baadhi ya wenyeji kwamba mahali hapo huenda palitumika pia kuhifadhia maji."

"Hiyo hapana," alisema Irulayi. "Inasemekana na nani? Maji yanasemekana shambani kule?"

Profesa akakata, akaandika tena. Safari hii palikuwa na labda mbili na malkia mmoja. Irulayi akatikisa kichwa. Kule chini miche ya kwanza ilikuwa imekwisha zama, vilibaki vijincha vya kijani, na Solaimalai alikuwa anahema kama amekimbia.

"Mwandikie kama anavyotaka, baba, nakuomba," akasema, na hilo neno nakuomba lilikuwa halijasikika katika kinywa hicho tangu aoe.

Mara ya tatu Profesa aliandika: "Maruthanendal pana bwawa la ekari tisini. Nguzo zile ni tundu la maji. Nilikosea, kwa kuwa sikushuka garini." Akatia sahihi na tarehe.

"Hiyo inatosha," alisema Mkuu wa Wilaya.

"Kwa Profesa inatosha, Mheshimiwa," alisema Irulayi. "Bado aliyemwambia. Muulize Bwana Mkubwa amejuaje kwamba pale si bembea. Naye aandike."

"Kila mtu anajua," alisema Solaimalai.

"Basi sema ulijuaje wewe. Sema ulimtuma nani pale."

Solaimalai aliwatazama wapwa zake, na wapwa zake wakaendelea kutazama ardhi. Akatazama shamba.

"Kathan," alisema.

"Mheshimiwa hajasikia."

"Kathan. Mume wa huyu. Nilimtuma afungue wakati wa mafuriko, akaniambia atakufa. Nilikuwa na migomba yangu. Nikamwambia ashuke. Alifia pale. Hakuna malkia aliyefika hapa."

Mkuu wa Wilaya aliyaandika mwenyewe, chini ya mwandiko wa Profesa, neno kwa neno, na Solaimalai akatia sahihi. Kisha Mkuu wa Wilaya akatoa simu, akampigia mhandisi wake hapo hapo kwenye tuta, watu wote wakisikia. Malori yasimame. Vigingi ving'olewe. Kibali kimefutwa, na Maruthanendal iingizwe kwenye orodha ya mabwawa leo, si kesho.

Irulayi alitema tambuu, akainuka. Kufunga ni kubaya kuliko kufungua, maana tundu likiwa wazi linavuta, na alijua vizuri kuliko mtu yeyote pale linavuta nini. Alishuka akishikilia nguzo ya kushoto, akakaa chini muda mrefu hivi kwamba wanawake wa mtaani kwake walianza kumwita kwa jina. Huko chini alikiokota kizibo kwa mikono miwili, akakaa upande ambao maji hayakimbilii, kama Kathan alivyomfundisha kisimani walipokuwa vijana, akakisukuma kwa mguu, wala mkono hakuupeleka karibu. Mkoromo wa upande wa pili ukapungua, ukawa mchuruziko, ukakoma.

Aliibuka akikohoa, akaogelea taratibu hadi tutani. Mkuu wa Wilaya alikuwa amesimama pale na mpiga picha ameinua kamera. Solaimalai aliiona kamera. Akashuka hatua mbili kwenye tope, mbele ya kijiji kizima, akamnyooshea mkono amvute, mkono ambao tangu kuzaliwa haujamgusa mtu wa mtaa ule.

Irulayi aliutazama mkono huo, maji yakimdondoka puani.

"Utalowa, Bwana Mkubwa," akasema.

Akashika nyasi za tuta, akapanda mwenyewe, akampita. Solaimalai alibaki amenyoosha mkono, na mpiga picha akampiga picha hivyo hivyo.